Unaenda Alaska kuona barafu? Chagua mwezi, kisha ghuba, meli iwe ya mwisho

Shangazi yangu anaishi Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Dakika nne za kwanza zilikuwa salamu na lawama: simpigii, nimekonda kwenye picha, tasnifu inaisha lini. Kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Anatimiza miaka sitini, ana akiba yake kidogo, na anataka kupanda meli ya kitalii kwenda Alaska kuona barafu. "Wewe si ndiye unasoma mambo ya maji na barafu? Basi niambie nichague safari ipi, mwanangu. Kila tangazo linasema yao ndiyo nzuri."

Nikamuuliza kwa nini barafu, wakati angeweza kwenda kuota jua Meksiko. Akasema alipokuwa mtoto Marangu, alikuwa akitoka asubuhi kwenda kuchota maji na kuiona Kibo imejitokeza mawinguni, nyeupe pee. "Mara ya mwisho nimekuja nyumbani nikatazama juu, nimeona mabaka tu. Nataka niione barafu mahali ambapo bado ni nyingi."

Mabaka hayo si macho yake yaliyozeeka. Kati ya mwaka 1912 na 2007, Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililokuwa limefunikwa na barafu, na tangu hapo imeendelea kupungua.

Basi nikakaa chini kumpangia. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, kumbe karibu kila swali la msafiri (mwezi gani, ghuba gani, chumba cha upande gani) jibu lake limo ndani ya sayansi. Nimeliandika hapa kwa ajili yako pia, hata kama huna mpango wa kwenda popote.

Kwanza: kwa nini barafu ya kule inafika baharini?

Hili watu wengi huona ni jambo dogo: kule ni baridi, basi. Lakini ngoja kwanza. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895 na kule juu ni baridi mwaka mzima. Mlima Fairweather, mmoja wa milima mirefu kabisa ya pwani hiyo ya Alaska, una mita 4,671. Mbona wa kwetu umebaki na mabaka na wa kwao unamwaga mito ya barafu hadi kwenye maji ya chumvi?

Baridi peke yake haitengenezi barafu, lazima theluji iwe nyingi. Pwani ya kusini-mashariki mwa Alaska inapokea upepo uliojaa unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki. Upepo ukigonga milima hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wote unashuka pale pale: mvua chini, theluji juu. Mji wa Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara tatu ya Dar es Salaam. Theluji ya juu hurundikana mwaka baada ya mwaka, ya chini inabanwa na uzito wa ya juu, hewa inasukumwa nje, na mwishowe inakuwa barafu ngumu. Ikishakuwa nene ya kutosha huanza kuteleza na kutiririka polepole kufuata bonde. Ndiyo maana tunaiita mto wa barafu: unatembea kweli, ila kwa mwendo ambao jicho haliuoni.

Kilimanjaro hewa yake ya juu ni kavu. Theluji ikipungua, uso wa barafu unakuwa mchafu na mweusi kidogo, unanyonya jua zaidi, na sehemu kubwa hata haiyeyuki kuwa maji: inageuka mvuke moja kwa moja. Kwa hiyo ukiangalia milima hii miwili, usiulize tu "joto limepanda kiasi gani?" Uliza pia "theluji inaanguka kiasi gani?"

Kuchagua mwezi

Msimu wa meli za kitalii ni kuanzia Aprili mwishoni au Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Nje ya hapo ni giza na dhoruba. Ndani ya msimu kila mwezi una faida yake:

- Mei na Juni: mvua ni chache kuliko miezi mingine ya msimu, milima bado ina theluji, na mwishoni mwa Juni mji wa Juneau una zaidi ya saa 18 za mchana. Sili huzaa wakati huu juu ya mapande ya barafu yanayoelea.
- Julai: joto kidogo, nyangumi wengi, watu wengi mno, bei juu.
- Agosti na Septemba: samaki aina ya samoni wanapanda mitoni kutaga mayai, na dubu wanawafuata. Ukitaka dubu, huu ndio wakati wako. Lakini beba koti la mvua, na sizungumzii manyunyu ya Lushoto.

Shangazi anataka barafu kuliko dubu, na magoti yake hayapendi utelezi. Nikamwandikia: mwisho wa Mei au Juni.

Kuchagua ghuba

Hapa ndipo matangazo yanapochanganya watu. Karibu kila safari inaahidi kwamba utaona barafu, lakini mahali pa kuionea si pamoja. Soma ratiba, tafuta jina la mahali.

*Glacier Bay.* Hii ni hifadhi ya taifa, na tangu 1992 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku, kwa hiyo makampuni mengi hayana nafasi. Historia yake ndiyo iliyonivuta kwenye somo hili nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Mwaka 1794 msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver ulipita hapo na haukukuta ghuba ya maana, ulikuta ukuta wa barafu karibu na mdomo wake. Mwaka 1879 John Muir akaingia kwa mtumbwi akiwa na waongozaji wa Kitlingit, na barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 60. Kufikia 1916 ilikuwa imerudi karibu kilomita 105 kutoka ilipokuwa. Yaani kama barafu ingekuwa imeanzia Dar, ndani ya miaka 122 ingekuwa imefika karibu na Chalinze.

Kabla hujasema "mabadiliko ya tabianchi!", subiri. Sehemu kubwa ya kurudi huko ilitokea kabla binadamu hajachoma mafuta mengi. Kulikuwa na kipindi cha baridi cha karne kadhaa kilichokuwa kinaisha, halafu kuna tabia ya mito ya barafu inayoingia baharini. Mto kama huo husukuma mbele yake tuta la mawe na mchanga, na tuta hilo huukinga na maji ya chumvi. Ukirudi nyuma kidogo ukaliacha tuta, pua yake inabaki kwenye maji ya kina, maji yanaula kwa chini, mapande yanakatika, na hapo unarudi mbio hadi upate kina kifupi cha kuegemea. Kupanda ni polepole, kushuka ni ghafla.

Wenyeji, Wahuna wa kabila la Tlingit, waliishi ndani ya bonde hilo kabla barafu haijalijaza. Miaka ya katikati ya karne ya 18 barafu ilisonga mbele na kuwafukuza, wakavuka maji wakahamia mahali panapoitwa Hoonah sasa. Mwaka 2016 walifungua nyumba yao ya ukoo, Xunaa Shuká Hít, ndani ya hifadhi, pale Bartlett Cove. Kwetu tunasikitika barafu inapoondoka, wao wana kumbukumbu ya barafu iliyokuja ikawanyang'anya nyumba.

*Hubbard.* Huu ni mto wa barafu wenye urefu wa kilomita 120 hivi, uko kaskazini zaidi. Kwa zaidi ya karne moja umekuwa ukisonga mbele badala ya kurudi. Mwaka 1986 na 2002 ulisonga hadi ukaziba mdomo wa mkono wa bahari wa Russell na kuugeuza ziwa kwa miezi kadhaa, mpaka maji yalipovunja kizuizi. Mtu asiyependa sayansi ya tabianchi atakuonyesha Hubbard na kusema "mbona huu unakua?" Jibu unalo sasa: chanzo chake kiko juu sana ambako theluji bado ni nyingi, na uko kwenye ile awamu ya polepole ya kusonga. Mto mmoja hausemi habari za yote. Ukiipima mito ya Alaska kwa pamoja, inakonda, na kukonda huko ndiko kunakohusishwa moja kwa moja na joto la siku hizi.

*Tracy Arm.* Hii ni fiodi, yaani mkono mwembamba wa bahari kati ya kuta za milima, kusini mwa Juneau. Ndiyo iliyokuwa kwenye tangazo la bei nafuu alilonitumia shangazi. Tangazo lilikuwa la zamani. Alfajiri ya tarehe 10 Agosti 2025, upande mzima wa mlima karibu na mto wa barafu wa South Sawyer uliporomoka majini. Wimbi lililotokea lilipanda mamia ya mita kwenye ukuta wa upande wa pili. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Ilikuwa mapema mno, meli za siku hiyo hazijaingia.

Haikuwa mara ya kwanza katika pwani hii. Mwaka 1958 katika ghuba ya Lituya, tetemeko liliangusha mlima na maji yakapanda hadi mita 524, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka 2015 ilitokea tena katika fiodi ya Taan. Kwa nini? Barafu nene hukandamiza na kuegemea kuta za bonde kwa maelfu ya miaka. Ikiondoka haraka, ukuta unabaki bila mhimili. Fikiria gunia lililoegemezwa ukutani kwa miaka, halafu mtu aubomoe ukuta.

Baada ya tukio hilo makampuni kadhaa ya meli yaliondoa Tracy Arm kwenye ratiba na kuhamia fiodi jirani ya Endicott. Sisemi usiende kwenye fiodi yoyote. Nasema kabla ya kulipa, uliza ratiba ya mwaka huu, si ya kijitabu cha mwaka juzi. Nilipomweleza shangazi hili alikaa kimya, halafu akasema, "Sasa hiyo bei nafuu nilikuwa nainunua nini?"

Usilale saa za mwanzo

Meli ikiingia Glacier Bay asubuhi, walinzi wa hifadhi hupanda na kuanza kueleza kwa kipaza sauti. Watu wengi husubiri barafu, wanaenda kunywa chai. Kosa. Kule mdomoni, ambako barafu iliondoka zaidi ya miaka 200 iliyopita, utaona msitu mzito wa misonobari. Kadiri unavyosonga ndani, miti inakuwa mifupi, kisha vichaka, kisha kuvu na mimea midogo ya kutambaa, na mwisho kabisa mwamba mtupu ulioachwa na barafu juzi tu. Kila kilomita unayokwenda mbele unarudi nyuma kwenye umri wa ardhi. Mwanaikolojia William S. Cooper aliweka viwanja vidogo vya kupimia mimea hapo mwaka 1916, na watafiti bado wanavirudia hadi leo.

Ardhi yenyewe pia inainuka. Mzigo wa barafu umeondolewa, basi miamba inapanda, katika sehemu nyingine karibu sentimita 3 kwa mwaka.

Mwisho wa ghuba kuna Margerie, ukuta wa barafu wenye upana wa kilomita moja na nusu hivi na kimo cha takriban mita 76 juu ya maji, kama jengo la ghorofa 25. Kando yake kuna Grand Pacific, ambao umefunikwa na mawe na vumbi kiasi kwamba utadhani ni lundo la kokoto la kiwanda. Nao ni mto wa barafu.

Je, ulipe zaidi kwa chumba chenye kibaraza? Si lazima. Nahodha kwa kawaida huizungusha meli taratibu mbele ya ukuta ili pande zote mbili zione, na sitaha ya juu ni ya wote. Pesa hiyo nunua darubini na glovu.

Ukiwa pale, fanya vitu vitatu. Tazama rangi: theluji ni nyeupe kwa sababu imejaa hewa inayotawanya mwanga wa kila rangi, lakini barafu iliyobanwa huruhusu mwanga uingie ndani sana, na ndani humo rangi nyekundu inamezwa, buluu inabaki. Hesabu sekunde: ukiona pande limekatika na mlio ukafika baada ya sekunde tatu, liko kilomita moja kutoka kwako, kama unavyofanya kwa radi. Halafu nyamaza, sikiliza mapande madogo majini. Utasikia kama soda iliyofunguliwa. Ni hewa ya kale iliyobanwa ndani ya barafu ikitoka. Chini ya maji mlio huo ni mkubwa kiasi kwamba fiodi hizi ni kati ya sehemu zenye kelele za asili nyingi zaidi baharini.

Nyangumi, na ndugu zao wanaopita Watamu

Nyangumi mwenye nundu utakayemwona Alaska alizaliwa kwenye maji ya joto, mara nyingi Hawaii, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapo. Kule Hawaii hali karibu chochote. Anakuja Alaska kula heringi na uduvi ili ajaze mafuta ya mwaka mzima. Kwa hiyo kila dakika unayomsumbua unamkatiza chakula chake pekee. Sheria inataka chombo kikae zaidi ya mita 90 kutoka kwake. Ukikodi boti Juneau na nahodha akajisifu kwamba atakupeleka karibu mpaka umguse, tafuta mwingine.

Aina hiyo hiyo ya nyangumi hupita kwetu. Kati ya Julai na Oktoba huonekana Watamu, Zanzibar na kusini hadi Mtwara, ila hao hutoka upande wa Antaktika. Misimu yao imepishana: wa kaskazini wakiwa mezani, wa kusini wako kwenye kulea.

Na mezani kwenyewe si salama sana. Joto kali la bahari la mwaka 2014 hadi 2016 lilipunguza chakula, na idadi ya nyangumi hawa katika Pasifiki ya kaskazini ikashuka kutoka takriban 33,000 mwaka 2012 hadi karibu 26,600 mwaka 2021.

Makaratasi, ambayo hakuna anayekwambia

Meli nyingi kubwa zinapeperusha bendera za nchi nyingine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazikataza kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa bandari ya nje, ndiyo maana safari za kutoka Seattle husimama Victoria, Kanada. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya hii maana yake ni visa ya Kanada, pamoja na visa ya Marekani inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana ukigusa Kanada umeshatoka. Uliza ubalozini kabla ya kulipa. Shangazi ana kadi ya kijani, kwake ni rahisi zaidi. Binamu yangu aliyetaka kumsindikiza akitokea Arusha alikuwa amebakiza siku moja tu alipe.

Bajeti ikikataa, kuna feri za umma za jimbo la Alaska zinazoondokea Bellingham, kaskazini mwa Seattle. Watu hulala sitahani kwenye mahema. Ukishuka Gustavus, kuna boti ya siku moja inayoingia Glacier Bay.

Swali aliloniuliza mwishoni

"Sasa meli si inachoma mafuta? Mimi niende kuiyeyusha ile barafu ninayoifuata?"

Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Ndiyo, inachoma, na safari yake peke yake haitaokoa wala kuangamiza mto wa barafu, lakini ni moja kati ya zaidi ya milioni moja kila mwaka. Juneau wenyewe wameona mzigo huo, na tangu 2024 wanapokea meli kubwa zisizozidi tano kwa siku. Nilimwambia ninachoweza kumwambia: aende mara moja, asirudie kila mwaka. Asipande helikopta ya kutua juu ya barafu. Achague Glacier Bay, ambako idadi ya meli ina mipaka na kuna mtu wa kumweleza anachokiona.

Amelipa wiki iliyopita. Anaondoka Juni mwanzoni, siku saba, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Tofauti ya bei ameiweka kando kwa nauli ya kuja Moshi Desemba. Anasema akishaiona ile ya kule, anataka kusimama tena Marangu asubuhi na kuitazama Kibo vizuri, hata kama ni mabaka.